Malimbuko Yangu Kichwani kwa Mama Riziki

Jumanne, Mei. Highview, Louisville, Marekani. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Jana nilirudi kutoka Columbus, nilikokwenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Nikaenda bustanini kabla hata ya kuvua viatu. Peoni zangu zimebaki vijiti. Maua yote kumi na moja yamekatwa, pamoja na majani.

Sikushangaa. Nilikuwa nimeshayaona Jumapili.

Miaka minne nimeyalea maua hayo. Miwili ya kwanza niliyafukia kwa tuta refu, kama viazi vitamu vya kwetu Masisi, Kongo, yakanipa majani matupu. Mzee jirani ndiye aliyenionyesha kwamba mzizi wa peoni unataka kukaa karibu na juu. Nikafukua, nikapanda upya, nikangoja. Mwaka huu yakafunga matumba.

Kule kwetu nilipeleka kanisani mahindi ya kwanza ya shamba langu. Hapa, kila Jumapili ya malimbuko, napeleka bahasha ya pesa. Safari hii nilitaka kumpa Mungu kitu nilichokiotesha mwenyewe. Mama Riziki, jirani na dada yangu katika maombi, alijua. Nilimwambia huku nalia. Nilipoitwa ghafla Columbus, nilimwachia ufunguo wa geti anisaidie kumwagilia. Mchungaji alikuwa amekubali nitoe malimbuko yangu Jumapili hii inayokuja, nikisharudi.

Basi Jumapili, nimempakata mjukuu, nikafungua ibada kwenye simu. Mama Riziki huyo, anacheza kuelekea madhabahuni, peoni zangu kwenye beseni kichwani. Mchungaji akambariki kwa kazi ya mikono yake. Vigelegele kanisa zima.

Naye akasema amina.

Leo nimemuuliza. Hata hakuinamisha macho.

"Maua ni ya Mungu, dada. Bon, itatoka tena mwaka kesho."

Majani yakikatwa Mei, mzizi hauna cha kula. Mwaka kesho huenda nisipate hata ua moja. Lakini hilo ningelimeza. Angetaja jina langu pale mbele, ningemsamehe siku hiyo hiyo. Ile amina ndiyo imenikaa kooni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Anilaye mimi nilimpa na ufunguo.

Kesho nitamrudishia ufunguo wa nyumba yake, alioniachia siku nyingi. Wangu atauleta mwenyewe, mchana, nikiwa bustanini.

Na Jumapili nitapeleka nini? Bahasha tena.