Daktari wa Mapokezi

Jumamosi, Septemba 1995

Na bado ana hamu ya kula. Nimemwona Festo bwaloni anajaza sahani ya pili ya wali. Mimi changu nimekiacha mezani.

Sisi wa mwaka wa pili hapa chuo cha uganga, Festo akiwemo, tulijitolea kuwapokea wageni wa mwaka wa kwanza: tuwabebee magodoro, tuwaonyeshe mabweni. Basi. Festo akaja na koti jeupe na stetoskopu shingoni, kwenye jua lile.

Baba wa mgeni mmoja, Anjela, mzee wa watu kutoka Chita, akavua kofia. "Shikamoo daktari."

"Marahaba," Festo akaitikia. Mtu wa umri wa babu yake. Nilisikia kinyaa.

Nikabeba sanduku, nikampeleka Anjela bwenini. Narudi, nakuta mzee amefungua shati na Festo anamsikiliza kifua, amefumba macho kama anasali. Somo la kifua hatujaanza hata kulisoma.

"Mapafu safi, mzee wangu. Hicho kikohozi ni vumbi tu la njiani."

Nilimvuta koti. Akanikonyeza. Mbele za wageni, aibu nikaona mimi.

Jioni nilimkuta Anjela anatandika kitanda. Nikamwambia amshauri baba yake apite hospitali, maana chuo kinapakana nayo ukuta tu.

"Alikuwa apite leo, dada. Ndiyo maana alinisindikiza mwenyewe. Ila daktari wenu ameshampima, kwa hiyo amewahi treni."