Wakulima Walikuja Saa Nane

Alhamisi, mwishoni mwa Mei. Hamugembe. Mvua ilianza kabla sijaamka na hadi sasa inanyesha, ile mvua ya Bukoba isiyo na haraka na mtu. Hali yangu ni ileile ya siku zote: nawadharau watu karibu wote. Tofauti ni kwamba leo na mimi nimo kwenye orodha, tena juu kabisa.

Nianze na wengine, maana kwao nina mazoezi.

Kuna yule bwana wa kundi la WhatsApp, anayejiita mhandisi wa programu, mshauri na msemaji. Kila asubuhi anatuma picha yake akiwa amevaa suti na maneno ya kututia moyo sisi tunaobadilisha kazi. Mwaka mzima nimemfuatilia, sijawahi kuona kitu kimoja alichokitengeneza isipokuwa hizo picha. Kuna mwalimu wa kwenye video, ambaye kabla ya kila jambo gumu husema "hii ni rahisi sana". Kuna walimu wenzangu wa zamani kule Muleba, ambao nilipoacha kazi walinifanyia kikao cha chai kilichofanana na matanga.

Halafu kuna Ta Leonidas, baba yangu mdogo.

Ta Leonidas ni mkaguzi wa shule mstaafu. Anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, ng'ambo ya migomba, na vyeti vyake vyote viko ukutani sebuleni, vya semina ya siku tatu navyo vikiwa kwenye fremu. Tangu niache kufundisha ana swali moja tu kwangu. "Koku, cheti cha hiyo kazi kiko wapi?" Nikimwambia najifundisha mwenyewe kwenye laptop, anatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba najitibu mwenyewe kipindupindu.

Watanzania wengine wakitaka kututania sisi Wahaya wanatuita nshomile. Neno ni letu, maana yake "nimesoma", na wanatuita hivyo kwa sababu tunasemekana hatuwezi kuomba maji ya kunywa bila kutaja shahada. Mimi utani huo nimeupenda siku zote. Niliamini unawahusu akina Ta Leonidas. Mimi nilikuwa nimevuka huko. Nilikuwa mtu wa vitendo.

Sasa nieleze nilichofanya.

Nimefundisha Jiografia miaka tisa katika shule binafsi ambayo sitaitaja. Mwaka jana niliacha, nikarudi hapa nyumbani kwa mama, nikakaa mezani jikoni na kuanza kujifunza kutengeneza programu. Miezi ya kwanza nililia sana, kwa sababu ya nukta na mabano. Baadaye nikaanza kuelewa, na nilipoanza kuelewa nikaanza kuwa mtu asiyevumilika. Mama ni shahidi.

Mwezi uliopita nikapata mtu wa kunipa kazi ya kweli. Ni Ma Adelina, katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kwenye kijiji kimoja cha Muleba. Kwa miaka yote, siku ya kupeleka kahawa ghalani ilitangazwa kanisani baada ya ibada. Wakatoliki walisikia kwao, Walutheri walisikia kwetu, na aliyekuwa mgonjwa Jumapili hiyo hakusikia popote. Nikamwambia Ma Adelina: hayo ni mambo ya kizamani. Nitakutengenezea mfumo. Utaingiza siku na saa, na kila mkulima atapata meseji kwenye simu yake.

Akakubali, waitu jamani, bila hata kuniuliza nimesoma wapi. Tulikubaliana kwamba Jumanne hii iwe ya majaribio, na Ijumaa, yaani kesho, bodi ikae na kuamua kama wanauchukua mfumo au wanarudi kwa matangazo ya kanisani. Mkuu wangu wa zamani wa shule naye ameniwekea nafasi yangu mpaka hiyo hiyo kesho. Baada ya hapo anaajiri mwingine. Kwa hiyo yote yanaangukia kesho: ama mimi ni mtengeneza programu, ama Jumatatu nimeshika chaki.

Jumatatu mchana nikafanya jaribio kwa namba mbili, yangu na ya Ta Leonidas. Yake niliiweka kwa nia mbaya. Nilitaka aone.

Meseji ikaingia: "Ndugu mkulima, leta kahawa ghalani kesho Jumanne saa 8:00."

Ta Leonidas akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Akasema, "Saa nane? Mbona mchana hivyo? Gari la kahawa si huja asubuhi?"

Nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka. Nikamwambia huo ndio muundo wa kompyuta, asijisumbue. Moyoni nikasema, mzee wa fremu huyu, anataka kukagua hata nisichomwomba. Nikarudi nyumbani, nikabonyeza, meseji zikaenda kwa wakulima wote.

Ma Adelina alikuwa ameniambia saa mbili asubuhi. Mimi nikaingiza 08:00, kama kila video ilivyonifundisha. Mfumo ukaandika kilichoingizwa. Nami nilipousoma sikuona kosa, kwa sababu mwaka mzima nimekaa na mashine hadi nimeanza kusoma saa kama mashine.

Nilifundisha longitudo na saa za dunia. Kidato cha tatu. Miaka tisa.

Jumanne gari lilifika ghalani saa mbili asubuhi, na mwenye mzani ndani yake. Hakuna mkulima. Wakangoja mpaka saa tano, wakaamua kwamba watu hawana kahawa, wakafunga ghala na kuondoka na ufunguo. Saa saba na nusu watu wakaanza kushuka kutoka milimani, wengine na baiskeli, wengine na viroba kichwani, wote kwa wakati, tena wengine mapema kwa adabu. Saa nane kamili mvua ikanyesha. Kahawa iliyokauka wiki nzima ikalowa mbele ya mlango wenye kufuli.

Mimi nilikuwa hapa Hamugembe, nakunywa chai, nasubiri kusifiwa.

Ma Adelina akapiga simu. Hakupandisha sauti. Aliniita Mwalimu mara tatu katika maelezo yake, na kila mara ilinichoma. Na mimi, nikiandika hapa kwenye blogu nisidanganye, jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa hili: "Kwani hao watu hawajui kusoma?"

Kisha akasema, "Wamesoma vizuri, Mwalimu. Ndiyo maana walikuja saa nane."

Sijawahi kutukanwa kwa upole kiasi hicho. Na hakuwa anatukana.

Jana nilikaa na aibu yangu, nikarekebisha programu. Ni mstari mmoja tu. Unatoa sita. Mwaka mzima wa machozi ya mabano, na kilichowanyeshea watu mvua ni hesabu ya darasa la pili.

Leo asubuhi nikaenda Muleba. Sikuitwa. Nilifikiri nikikaa hapa mpaka kesho nitaingia kwenye bodi na maneno mazuri, na maneno mazuri ninayo mengi mno. Nilikuta watu kama kumi na watano ghalani, wamekuja kuulizia siku mpya. Nikasimama nikawaambia: kosa ni langu, niliandika saa ya kompyuta badala ya saa yetu, simu zenu hazina kosa na ninyi hamna kosa. Halafu mzee mmoja nyuma, mwenye koti la mvua lililochanika kwapani, akasema, "Ee! Kumbe nshomile!"

Wakacheka wote. Walicheka vizuri, bila chuki, na hilo ndilo lililoniumiza. Neno nililokuwa nimewavisha wengine mwaka mzima limenikaa barabara, hata kupunguza halihitaji.

Ma Paskazia ndiye hakucheka. Ni mjane, anaishi juu ya mlima nyuma ya kigango, na Jumanne alishuka na debe mbili kichwani. Alikuwa ametandaza kahawa yake kwenye turubai chini ya paa la ghala, anaigeuza kwa mikono, kwa sababu nje mvua na kwake hakuna nafasi kavu. Nikapiga magoti nikaanza kugeuza naye. Kahawa iliyolowa ina harufu ya uchachu, na ganda lake linateleza vidoleni. Hakunikataza. Baada ya muda mrefu akauliza, "Haya mambo ya simu umesomea wapi?"

Nikasema, nimejifundisha mwenyewe. Nilisema kwa ile sauti yangu ya fahari, mazoea ni kitu kibaya.

Akasema, "Ah. Ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kukusahihisha."

Akaendelea kugeuza kahawa.

Nimerudi na sentensi hiyo mpaka Hamugembe na bado iko hapa. Maana si kweli. Mtu wa kunisahihisha alikuwapo. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akaniuliza swali sahihi kabisa, nami nikamcheka kwa sababu ana fremu nyingi ukutani. Nilidhani kujifundisha mwenyewe maana yake ni kutomsikiliza mtu. Yule bwana wa suti kwenye WhatsApp ana kosa hilohilo, ila yeye hajawahi kulowesha kahawa ya mtu.

Basi jioni hii nikavuka migomba. Nilichukia kila hatua. Nikampa Ta Leonidas simu na kumwomba, shikamoo kwanza, anisomee meseji mpya.

Hakusema "nilikwambia". Ningependelea aseme. Alichukua karatasi, akainakili meseji yangu kwa mwandiko wake wa ubaoni, kisha akatoa kalamu nyekundu. Mtu amestaafu miaka yote hiyo na bado ana kalamu nyekundu mfukoni mwa shati.

"Saa 2:00," akasoma. "Ya asubuhi au ya usiku?"

Sikuwa nimeandika. Nimetoa sita, nikasahau asubuhi.

Akachora duara. Kisha akachora duara la pili, kwenye neno "leta". "Koku, hawa ni wazee. Unamwamuru mtu mzima alete kahawa hata salamu hujampa? Hata tangazo la kanisani huanza na salamu." Nikaanza kueleza kwamba meseji ina kikomo cha herufi, kwamba salamu inakula nafasi. Akanitazama juu ya miwani. Chini ya karatasi akaandika, kwa wino mwekundu, kama alivyowaandikia walimu wa wilaya nzima: Umejitahidi. Rudia.

Nimerudia palepale kwenye kochi lake, chini ya vyeti. Nimeondoa "Ndugu mkulima", nimeweka "Shikamoo", nimeweka "tunaomba", nimeweka "asubuhi". Herufi zimetosha. Kumbe zilikuwa zinatosha tangu mwanzo. Akasoma mara mbili na kuweka alama ya vema. Nilipokuwa mlangoni ndipo akauliza, "Na cheti cha kazi hii, hatimaye, wanatoa wapi?"

Nikamwambia hawatoi.

Akasema, "Basi uwe unaleta kwangu."

Bado namwona ni mzee mwenye majivuno. Nadhani na yeye ananiona hivyo. Tunatoka ukoo mmoja, tusishangae.

Nimemwandikia mkuu wa shule. Nimemshukuru na kumwambia nafasi ampe mwingine. Nimetuma leo, kabla bodi haijaamua, kwa makusudi, kwa sababu najijua: nikiwa na pa kukimbilia nitaingia kule na kidevu juu. Wakiukataa mfumo, sina shule wala mfumo, nina mama na laptop na Ma Paskazia mwenye kahawa ya kukausha. Kama Ma Adelina ataniruhusu kuzungumza, nitaanza na debe hizo mbili, halafu ndipo niseme habari za programu.

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu mwaka mzima blogu hii haijawahi kuandika neno hilo.

Dakika chache zilizopita simu imelia. Ni meseji kutoka kwenye mfumo wangu mwenyewe, niliyoipanga inikumbushe. Nimeisoma, nikaituma kwa Ta Leonidas ng'ambo ya migomba ikasomwe tena, na jibu limerudi: alama ya vema tu.

Kikao ni kesho, saa tatu.

Asubuhi.