Kitufe Chekundu

Kamembe, Jumanne, Novemba 2012

Ati ni safi! Papa Didier, fundi wetu, tangu asubuhi anajisifu: ile programu mpya ya kufungulia Interneti haina makelele, vitufe vyote vimefichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni. "Muntu anapenda kuona kidogo, Maman," anasema.

Muntu gani? Hapa kwenye cyber yangu, watu wanakolipia kutumia Interneti, hakuna anayeinuka kitini bila kubonyeza kile kitufe chekundu cha kufuta alichosoma. Hata bamaman basiojua kusoma vizuri banakijua. Tangu vita ianze tena ng'ambo ya mto Ruzizi, kule Kongo, ndiyo adabu yetu.

Leo Maman Nsimire wa Bukavu alikuja kusoma barua ya bwana yake, anayejificha huko Nyangezi. Alipomaliza alitafuta kitufe chekundu, akakikosa. Basi akachomoa waya wa ordinateri, kompyuta nzima ikazimika. "Nimeshafuta," akaniambia, akarudi kwao na moyo mweupe.

Na mimi, mjinga, nikaamini. Nikawasha tena, nikamkalisha mwanaume nisiyemjua. Ile programu safi, kwa vile ilikatwa ghafla, bila hata kuuliza, ikamfungulia kurasa zote za yule mama. Nilipokimbia kuifunga barua, alikuwa ameshaisoma.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Maman, huko Nyangezi, batu banapitia wapi?"

Nampigia Maman Nsimire tangu jioni. Simu yake imezimwa.

Papa Didier naye ameniambia nisikasirike. Kitufe bado kipo, kesho atanionyesha kilipo.

Kesho!