Firigisi ya Nyota

Jumapili, mwisho wa Mei. Jua linang'aa la kukudanganya uvue koti, upepo ni wa friji, na mimi nimekasirika vizuri.

Naandika nikiwa kwenye treni kutoka Upplands Väsby, kwa Baba mdogo Barasa. Nikifika mjini nitabadilisha treni niende zangu Rågsved. Safari ni ndefu ya kutosha mtu kupoa.

Sijapoa.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa: naitwa Nekesa, nahodha wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake hapa Stockholm. Usicheke hilo neno "kulipwa". Mchana nafanya kazi chekechea, jioni nakwenda mazoezini. Na uwanjani kazi yangu si kufunga. Nakaba, natoa pasi, naweka mwili wangu njiani ili mwenzangu apate nafasi ya kurusha. Kesho yake mwenzangu yuko kwenye picha na mimi nimeweka barafu gotini.

Wiki iliyopita Anders, meneja wetu, alitutangazia kwamba kuna Mmarekani anakuja, mfungaji hodari, na atapewa mkataba mnono kuliko wowote ambao klabu imewahi kutoa. Ili hilo liwezekane, sisi wengine tusaini upya kwa mshahara uliopunguzwa. Kwa ajili ya timu, akasema. Jibu langu linatakiwa kesho. Nisiposaini nafasi yangu anapewa mwingine, na kwa umri huu hakuna klabu inayonisubiri mlangoni.

Nikamweleza Baba mdogo, basi.

Baba mdogo alikuja Uswidi kusoma, akapata kazi ya uhandisi, akabaki. Lakini kuna mambo hayamtoki mtu. Kwake yeye neno zito halimalizwi ofisini. Linamalizwa mezani, kuku ameshachinjwa, watu wazima wameketi, kama siku ya kujadili mahari. Bila kuniuliza akamtafuta Anders kwa simu, akamwalika chakula cha mchana. Naye Anders akaja! Na maua, viatu akavua mlangoni, akaketi na soksi zake za mistari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkewe, Mama mdogo Nafula, alikuwa amepika kuku, ugali na kunde. Sasa, asiyetujua sisi Waluhya wa Kenya na aelewe hivi: kuku ana firigisi moja tu, na firigisi ina mwenyewe. Ni ya baba wa nyumba, au ya mgeni anayepewa heshima. Mwanamke ndiye anayemnyonyoa huyo kuku, anampasua, anaimenya hiyo firigisi kwa vidole vyake, anaipika. Kuila, haili. Kuna nyumba zimewaka moto kwa sababu firigisi haikuonekana kwenye bakuli.

Leo Baba mdogo akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye ya Anders. Nikajua nimeshaombewa nafasi yangu kabla sijafungua mdomo.

Anders akaanza kueleza. Kule Marekani, akasema, kuna kiwango cha juu cha mshahara ambacho mchezaji mmoja hawezi kukizidi, na timu zinazothubutu kumpa nyota kiwango hicho chote ndizo zinazobeba vikombe.

Nusu ya maneno hayo ni kweli, na mimi si mtu wa kukataa kweli. Nyota halisi, wale wa kuhesabika kwa vidole, ukimpa mmoja wao kiwango cha juu kabisa bado umempata kwa bei ya kutupa, maana anastahili zaidi na sheria inamzuia. Hela inayobaki inamtafutia wenzake. Timu hiyo itashinda. Lakini hao wako wangapi? Wengi wanaopewa mikataba hiyo ni wachezaji wazuri tu, wamelipwa kama nyota kwa sababu klabu inaogopa kuachwa. Hapo umelipa bei ya nyota, umepata mchezaji mzuri, na benchi lako linakufa njaa.

Sisi tulishaonja. Msimu wa juzi tulikuwa na mfungaji wetu wa bei mbaya. Akateguka kifundo cha mguu. Tukageukia benchi, na benchini hakuna mtu, wanaoijua kazi walishapunguziwa mshahara wakaondoka. Tulifungwa mpaka tukazoea.

Huyo dada wa Kimarekani sina ugomvi naye. Ningepewa mimi ningepokea, tena kwa mikono miwili.

Hayo yote niliyasema palepale mezani, kwa Kiswidi. Nikamkumbusha Anders kwamba klabuni kwetu hata keki ya saa ya kahawa hukatwa vipande sawasawa, na kile cha mwisho hulala sahanini mpaka kinakauka kwa sababu kila mtu anaona haya kukichukua. Haya hiyo imekwenda wapi? Akasema ni lazima kila mmoja ajitoe kidogo.

Baba mdogo akanigeukia. "Nekesa mwanangu, punguza maneno. Mgeni amekuja mpaka nyumbani. Shukuru, saini, kidogo si haba."

"Baba, haba na haba hujaza kibaba. Mimi nauliza hiki kibaba ni cha nani."

Ndipo macho yangu yakaanguka kwenye sahani ya Anders. Kuku amemaliza. Ugali ameukata kwa kisu na uma. Na firigisi ameisukuma pembeni, pamoja na mifupa. Maskini hakujua ni nini. Kitu ambacho Mama mdogo amenyimwa maisha yake yote kilikuwa kinangoja kutupwa.

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono nikaichukua, nikaikata kwa meno katikati, nusu nikatafuna. Nusu nyingine nikampa Mama mdogo.

Lo! Baba mdogo tonge limemgandia mkononi. Anders akaomba radhi, na sidhani alijua anaombea nini.

Mama mdogo akaiangalia ile nusu. Akamwangalia mumewe. Akaitia mdomoni, akatafuna bila haraka, akameza.

"Kumbe ni hii tu?" akasema. "Na haijakolea chumvi. Miaka yote naipika, sijawahi kuionja."

Baba mdogo hajanisemesha tangu hapo. Mama mdogo ndiye aliyenisindikiza stesheni, anacheka peke yake njia nzima, na kabla sijapanda alinishika mkono akaukaza.

Naogopa? Naogopa sana. Naupenda huu mchezo kuliko ninavyopenda usingizi, na kesho mchana huenda nikawa sina timu. Labda huyo Mmarekani atakuja, watashinda kila mechi, na Anders ataniambia unaona? Sawa. Itabidi aniambie mimi nikiwa nimekaa jukwaani.

Lakini sisaini. Nimetengeneza nafasi za watu miaka yote, nimeumia magoti kwa ajili yao, na sitaitia mkono wangu karatasi inayosema kazi hiyo ni ya kusukumwa pembeni ya sahani. Kesho nitamwambia Anders hivyo, kwa upole, na soksi zangu zisizo na mistari.

Wakinitoa, wanitoe nimeshiba.