Nakala ya Siku Uliyoondoka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, mzima wa afya na mwingi wa maneno kama unavyonijua. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi yangu, bado anakukataza kubeba ndoo? Mwambie namuunga mkono.

Hapa kliniki ya macho tulipatwa na kisanga. Jumatatu asubuhi seva iligoma kuwaka. Diski yake ilikuwa imekufa kabisa. Humo ndimo zilimokuwa kumbukumbu za watoto wote: vipimo vya miwani, tarehe za upasuaji, dawa zinazowadhuru. Daktari mkuu alikuja amekunja uso, akauliza kama watoto tisa waliongoja upasuaji warudishwe nyumbani. Nikamjibu kifua mbele kwamba kufikia Jumatano kila kitu kitakuwa mahali pake. Unanijua, mimi siogopi kazi.

Nikafunga diski mpya, nikachomeka flashi, nikasakinisha upya mfumo wa Linux huku napiga mluzi. Kufikia saa sita mchana mfumo uliwaka safi kabisa. Kisha nikafungua diski ya akiba ili nirudishe kumbukumbu. Faili la mwisho lilikuwa la siku uliyoondoka kazini hapa.

Miezi saba, kila Ijumaa, nilikuwa natoa amri ya kunakili bila kuiunganisha kwanza diski ile ya akiba na mfumo. Nakala zangu zilijirundika kwenye folda yenye jina lake, ndani ya seva ileile iliyokufa. Amri haikulalamika, nami sikukagua.

Chini ya boksi la diski nikakuta karatasi uliyoibandika, yenye hatua zote za kurudisha nakala, hadi ruhusa za kufungua mafaili. Nikaifuata neno kwa neno, na kumbukumbu zako zote zikarudi. Ile miezi saba, mimi na muuguzi wa mapokezi tuliiandika upya kutoka kwenye kadi za karatasi, tukianza na wale tisa. Jumatano walipasuliwa wote, na wanaendelea vizuri.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Tulikuita Bwana Hakikisha, kwa kuwa kila mwezi ulirudisha nakala kwenye kompyuta kuukuu uone kama zinafunguka. Kuna mtu alimwambia daktari kwamba unachezea muda wa kazi, hadi mkataba wako haukuongezwa. Umekuwa ukimshuku mhasibu. Ni mimi. Nilikitaka chumba kile cha seva kiwe changu. Nisamehe, mdogo wangu. Na kama huwezi sasa, nitangoja.

Daktari aliponipongeza mbele ya wote, nilimpa karatasi yako nikamweleza yote. Aliisoma mpaka mwisho, akasema, "Mwite arudi. Safari hii wewe utakuwa chini yake." Nimekubali, tena kwa moyo mweupe.

Kompyuta kuukuu nimeitoa stoo na kuifuta vumbi. Jana Ijumaa nilinakili, leo nimerudisha humo. Imefunguka. Kiti chako nimekirudisha dirishani.

Msalimie sana wifi, na ujibu hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi dada yako,
Kichwa Kigumu