Bolti Ulizozirudisha

Baba Methodi,

Makande yako jikoni, yapashe mwenyewe. Nimerudi kuchukua nguo tu.

Gari limechemka leo asubuhi kabla sijamfikisha mama hospitali ya macho Mvumi. Fundi wa gereji ya njiani akajaribu kukaza bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, zikazunguka tu bila kubana. "Nani karudisha za zamani? Hizi zikifunguliwa hununuliwa mpya, zimeshavutika!" Nikamwambia ni mume wangu, yule anayesema chuma hakichoki. Mafundi wakacheka, nami nikacheka nao.

Mama yangu akapakiwa kwenye bodaboda na jicho lake bovu, vumbi lote likamwishia usoni. Tulipofika, zamu yake ya upasuaji ilikuwa imeshapita.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi mama akishaona.

Gari usiliguse tena.

Mama anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Mama Methodi