Magimbi ya Booriaru

Aifasu, mlimani, kisiwa cha Malaita

Dada yangu mpendwa Nesta,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku juu kwenye ukungu. U hali gani, na shemeji anaendeleaje na mgongo wake? Watoto wameshapona surua? Mimi ni mzima, ila miguu imechubuka, na midomo imekuwa myekundu kwa kutafuna popoo kama ya bibi yetu, jambo ambalo najua litakuudhi.

Uliposikia ni mimi nitakayepanda mlima ulidhani ni mzaha. Hata mimi nilidhani hivyo. Siku kikundi cha akina mama kilipoulizwa nani ataenda kukaa na watu wa mlimani na kuwaeleza habari za Yesu, wote walitazama mkeka. Mimi, ambaye nikisoma matangazo kanisani hujificha nyuma ya karatasi, nikajikuta nimesimama. Mama Hilda alinivuta sketi akaninong'oneza, "Keti wewe, watakuroga!" Lakini nilikuwa nimeshasema, na mate yakitemwa hayarudi mdomoni.

Huku hakuna aliyenichekea. Mzee Maenaa, mkubwa wa kijiji, aliamua nikae ukingoni, upande wa chini walipo wanawake, na nikivunja mwiko mmoja tu nitalipa nguruwe. Akamweka mjane wa kaka yake, Booriaru, anichunge. Booriaru hakuficha kazi yake. Nikienda mtoni, yuko nyuma. Nikifumba macho kuomba, nikiyafumbua namkuta amechuchumaa ananitazama mdomo.

Siku ya kwanza aliniuliza nimetumwa na nani, wakata magogo au serikali. Nikasema kanisa. Akasema watu wa kanisa ndio waliowaonyesha njia askari wa serikali wenye bunduki enzi za babu zetu, basi babu yangu alikuwa upande gani? Dada, unajua alikuwa upande gani. Nilimwambia kweli, kwamba alikuwa na wenye bunduki. Akatema popoo karibu na mguu wangu, akasema afadhali nimekiri, maana walikuwa wameshajua.

Na mimi nilimshuku vivyo hivyo. Kila jioni aliniletea magimbi yaliyofungwa kwa majani, nami nikikumbuka ulivyonionya bandarini kwamba mizizi yao inaua taratibu. Nilishukuru kwa mikono miwili, kisha nikayatupa nje ya ua na kujificha nyuma ya kibanda kutafuna biskuti, nikizilowesha kwanza zisilie mdomoni. Naye nilimpa mchele na samaki wa kopo, akavipokea vizuri, lakini sikuwahi kuona moshi wa kuvipika.

Juzi alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwana wa pwani, nguruwe wa Maenaa amenenepa tangu uje."

Nikasema namshukuru Mungu.

"Mshukuru kweli, maana nguruwe huyo anakula chakula chako. Unasema Mungu wako anaishinda mizimu yetu. Mbona magimbi yangu yanakutisha?"

Dada, nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuwaambia watu hawa. Yote yaliruka kama ndege. Nilichoweza kusema ni kwamba naogopa, na kwamba niliambiwa watanilisha sumu. Akauliza nani aliniambia. Nikasema dada yangu. Unisamehe.

Booriaru alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipeleka kwake, akanionyesha makopo yangu yamepangwa chini ya makuti, hayajafunguliwa isipokuwa moja, ambalo alimpa mbwa.

"Lakini mbwa yuko hai," nikasema.

"Huyo mkaidi tu," akajibu.

Tukapika chungu kimoja, magimbi yake na samaki wangu, kila mmoja akiutazama mkono wa mwenzake. Hakuna aliyetaka kutangulia. Mwishowe nikafumba macho, nikala. Naye akala. Tukiwa bado tunatafuna, akauliza kama huyo Yesu wangu aliwahi kula na watu aliowashuku. Nikamweleza habari ya karamu ile ya mwisho, na mtu aliyechovya naye katika bakuli moja huku ameshapanga kumuuza.

"Alijua?"

"Alijua."

"Na bado akala naye?"

"Akala naye."

Alichota gimbi jingine chunguni. Akasema waliokuja kabla yangu waliwaeleza habari za moto tu, hili hawakulitaja. Hakusema ameamini, Nesta, wala usiende kutangaza kanisani kwamba ameokoka. Asubuhi yake alikwenda kuiombea bustani yake kwa mizimu kama kawaida.

Sasa nikufunulie kilichonifanya nishike kalamu. Krismasi sitateremka, meli ya kunileta nyumbani itaondoka bila mimi. Jana Booriaru alizungumza na wanawake wenzake bila kuniambia, na kesho watakusanyika wote huku chini nilikopangiwa, niwasimulie karamu ile. Nilidhani nitafurahi. Nakiri kwako peke yako kwamba nimeshaitazama mara nyingi ile njia ya kurudi pwani.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na umwambie Mama Hilda kwamba sijarogwa. Na mniombee, maana Booriaru amesema atakaa mbele kabisa, anikazie macho, ili aone kama nadanganya.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Ethel